Kipande cha Reli Mwembeni

Nyuma ya nyumba yetu Bagamoyo kuna mwembe, na kwenye tawi lake kinaning'inia kipande cha reli kilichofungwa kwa mnyororo. Urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Upande mmoja unang'aa kwa kugongwa miaka mingi. Upande wa pili kutu inabanduka kama maganda ya muhogo, maana chumvi ya bahari haina huruma. Babu alikuwa akikigonga kutuita kula.

Mji huu haujawahi kusikia honi ya treni. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko huko. Ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara ya Ujiji, iliyokula nyayo za watu kwa miezi, haikuwa na kazi tena.

Baba yake babu alikuwa mpagazi, Mnyamwezi aliyetua mzigo wake wa mwisho hapa pwani asirudi kwao. Je, alifurahi bega lake lilipopata wa kulipokea? Au aliitazama njia ikiota majani, akahisi na yeye anaota majani? Hakuna aliyemwuliza. Sisi wajukuu huanza kuuliza makaburi yakishalingana na ardhi.

Babu naye akaingia gengi, kwenye reli ya Ruvu hadi Mnyusi iliyofunguliwa mwaka 1963. Alibeba mataruma, akashindilia kokoto. Reli ile hupita kwa nyuma yetu, huko bara, ikavuka mto Wami kwenda kuungana na ya Tanga. Nimepita huko na treni ya Arusha, jua likizama. Nilikaza macho upande wa mashariki, kana kwamba ningeuona mwembe.

Mtu hukililiaje kitu ambacho hakikufika? Reli iliua mji wetu, ikalisha nyumba yetu. Babu nimweke upande gani?

Hadithi ya jina la mji, ile ya kubwaga moyo, sitairudia. Imechuja kwa kusimuliwa. Ila mioyo iliyobwagwa, nani aliiokota?

Siku ya hitima ya babu, jirani alikigonga kile chuma kuwaita watu kwenye pilau. Tulikuja wote, hata wenye mvi. Tangu siku ile hakijagongwa. Mnyororo umeanza kumezwa na gome la tawi.