Dhambi za Chenji

Jumamosi moja ya Kwaresima nilirudi kutoka kuungama nikiwa mwepesi kama unyoya. Usiku nikaitazama tena Gran Torino, filamu ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Clint Eastwood, ambaye pia ndiye mhusika mkuu. Wepesi wote ukaniisha.

Eastwood ni Walt Kowalski, mjane wa Detroit, mstaafu wa kiwanda cha Ford aliyepigana Vita vya Korea. Majirani zake ni Wahmong, watu wa asili ya Asia, na mzee hataki hata kuwaona. Thao, kijana wa jirani, anashurutishwa na genge kuiba gari la mzee, Gran Torino la mwaka 1972. Anashindwa, na taratibu wawili hao wanazoeana. Kisha genge linamuumiza vibaya Sue, dada yake Thao, na kijana anataka kisasi.

Walt anakwenda kuungama. Anataja busu la mwanamke asiye mkewe, Krismasi ya mwaka 1968. Anataja boti aliyoiuza bila kulipa kodi. Anataja wanawe wawili ambao hakuwahi kuwa karibu nao. Padri kijana anabaki ameduwaa: ni hayo tu?

Si hayo tu. Akirudi nyumbani anamfungia Thao chini ya nyumba, na kupitia wavu wa mlango anamwambia alichokificha tangu vitani: alimpiga risasi kijana aliyetaka tu kujisalimisha, na akapewa nishani. Wavu ule unafanana na wa kiti cha maungamo, ila sasa anayesikiliza ana umri na sura ya yule aliyeuawa.

Kisha Walt analiendea genge peke yake. Anaingiza mkono ndani ya koti, risasi zinammiminikia, anaanguka chali mikono ikiwa imetanuka kama ya msulubiwa. Kiganjani mna kiberiti cha gesi. Hakuwa na silaha, majirani wameona, na genge linakamatwa.

Watu hufa kwa risasi kila siku na hatusemi wamejitoa sadaka. Sadaka ya Walt naiona katika kumkatalia Thao urithi wa damu: deni langu nalilipa mimi, wewe baki na mikono safi. Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri: kukomboa roho na kukomboa rehani ni neno lilelile. Cheni iliyowekwa rehani haikombolewi kwa kuomba radhi. Unakwenda dukani, unaitaja ni ipi, unatoa hela.

Mimi mchana ule nilikuwa nimempa padri chenji: hasira, uvivu, misa nilizokosa. Noti nilibaki nayo mfukoni. Marehemu baba alimwachia mdogo wangu baiskeli ya kwendea sekondari. Niliiuza, nikasema imeibwa. Miaka minne alitembea kwa miguu.

Nikampigia usiku uleule.

"Ile Phoenix ya mzee haikuibwa. Niliiuza."

Kimya. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Nilijua, kaka. Aliyeinunua alikuwa akinipita nayo barabarani kila siku ya gulio."

Sikuwa na la kusema. Nilimwuliza tu mwanawe anayeingia kidato cha kwanza anakaa umbali gani na shule.