Darasa la Baada ya Mizani

Kambini kwetu, katika shamba la chai, siku ilipangwa na mizani. Majani yalipimwa mchana na tena jioni, na mpaka karani aandike kilo za mwisho kwenye kadi, hakuna mama aliyejua atafika nyumbani saa ngapi. Kwa hiyo nilipoulizwa darasa lianze saa ngapi, nilijibu kwamba litaanza baada ya mizani. Jina likashika. Kwenye vitabu vya serikali tuliandikwa kituo cha kisomo cha watu wazima, lakini kuanzia Kericho upande wetu hadi njia ya Litein na Bomet, watu walilijua darasa letu kwa jina la mizani.

Ilikuwa mwaka 1979. Rais Moi, akiwa hajamaliza mwaka tangu ashike urais, alikuwa ametangaza kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma katika muda wa miaka mitano, na idara ya elimu ya watu wazima ikaundwa. Mimi nilikuwa nimetoka kidato cha nne katika shule ya harambee, wazazi wangu wote wawili wachuna chai, na sikuwa na kazi. Nikaandikwa mwalimu wa muda kwa posho ndogo. Shamba likatupa holi ya kambi jioni za siku za kazi, ile iliyotumiwa kwa ngoma na mikutano, na ofisi ya wilaya ikatuletea ubao, chaki na daftari la mahudhurio.

Watu wazima walikuja, na wengi wao walijifunza. Nawaheshimu mpaka leo: mtu amesimama tangu alfajiri kwenye umande, kikapu mgongoni, halafu usiku anakaa kwenye benchi kushika kalamu kwa vidole vilivyopasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Lakini jambo lililonishika, na ambalo nimelibeba maisha yangu yote, ni watoto.

Walianza kwa kusimama madirishani. Nilikuwa nikifundisha hesabu kwa kadi za kilo, kwa kuwa hakuna karatasi nyingine iliyokuwa katika kila nyumba. Nikauliza: mama huyu amechuna kilo 23 asubuhi na kilo 19 alasiri, jumla ngapi? Kabla watu wazima hawajamaliza kuhesabu kwa vidole, sauti ikatoka dirishani: arobaini na mbili. Msichana wa miaka kama 12, mtoto wa dada yake amemfunga mgongoni. Nikampa hesabu ya pili, ya tatu, ya malipo kwa senti. Zote akajibu sawa. Hakuwa amewahi kuingia darasani hata siku moja. Mama yake alikuwa hajui kusoma kadi, hivyo binti ndiye aliyekuwa akisimama naye kwenye mizani kila jioni kuhakikisha karani hajaruka kilo. Nikamwambia aingie ndani na mtoto huyo mgongoni. Kesho yake wakaingia wengine pia, na juma lililofuata nililazimika kuwapa pande mbili za holi, wakubwa kushoto na watoto kulia.

Watu hushangaa nikisema watoto hao walikuwa nje ya shule miaka mitano baada ya karo kuondolewa. Ni kweli iliondolewa. Rais wa wakati ule, Mzee Kenyatta, alitangaza Desemba 1973 kwamba darasa la kwanza hadi la nne litakuwa bure, na Januari 1974 darasa la kwanza nchini likapokea watoto karibu milioni moja, zaidi ya maradufu ya waliotarajiwa. Madarasa yakafurika, walimu wakawa hawatoshi, na kamati za shule zikaanza kudai mchango wa majengo. Mahali pengi mchango huo ulikuwa mzito kuliko karo yenyewe. Walioingia Januari kwa shangwe wengi walikuwa wametoka kimya kimya kabla ya mwaka kwisha. Mwaka huo huo wa 1979 Moi akapiga marufuku hata mchango, maziwa ya bure ya shuleni yaliyoitwa ya Nyayo yakaja, watoto wakarudi tena kwa wingi. Lakini hesabu hapa ni rahisi na inauma. Aliyetolewa darasa la kwanza akiwa na miaka 8, sasa alikuwa na miaka 13. Mlango ulikuwa wazi, karo haipo, maziwa yapo, na bado hakuweza kuingia. Angeingia akae dawati moja na mdogo wake wa mwisho?

Hiyo aibu ndiyo niliyopigana nayo miaka yote. Umaskini nilioukuta kambini ulikuwa mkubwa, lakini umaskini ulimtoa mtoto shuleni mara moja tu. Aibu ndiyo iliyomzuia kurudi kila mwaka uliofuata. Kwa wavulana wa Kikipsigis ilikuwa nzito zaidi. Kijana akishatahiriwa Desemba na kukaa jandoni, hutoka mwanamume, na jamii nzima humtazama hivyo. Huwezi kumwambia akakae darasa la tatu na watoto, achapwe mbele yao kwa kukosea tahajia. Afadhali achune chai. Na sheria haikumzuia: ile ya ajira ya mwaka 1976 ilikataza watoto viwandani, kazi za shambani ikaziacha. Hata hivyo wengi hawakuwa wameajiriwa na mtu. Walijaza kikapu cha mama, na kilo ziliandikwa kwa jina la mama.

Watoto wa Kisii, wa Kijaluo na wa Kiluhya walikuwa na tatizo jingine. Walihamahama. Mwezi wa tatu yuko kambini, wa tisa amepelekwa kwa nyanya yake Nyamira au Siaya kwa sababu mtoto mchanga amezaliwa na chumba ni kimoja, Januari amerudi, na kila shule inamwanzisha darasa la kwanza upya. Nilikuwa na mvulana aliyesoma darasa la kwanza katika shule tatu na hajui herufi zote.

Wasichana ndio walioniumiza kichwa. Wakati ule wasichana wengi wa upande wetu walikuwa bado wanakeketwa, na baadhi yao walipotoka kutengwa walikuta mahari imeshazungumzwa. Kwa hao holi ilikuwa mbali hata kama iko hatua chache kutoka mlangoni. Nikajifunza kwamba kwenda kwa baba hakusaidii sana. Mwenye neno nyumbani mara nyingi alikuwa bibi. Nakumbuka mmoja katika kijiji kilichopakana na shamba. Nilimkuta akipepeta wimbi.

«Kogo,» nikamwambia, «nimekuja kumwomba mjukuu wako jioni.»

«Maji yataletwa na nani?»

«Ataleta maji kwanza. Nitamsubiri.»

Akapepeta mpaka ungo ukaisha. «Na usiku atarudi na nani?»

«Nitamleta mwenyewe mpaka hapa mlangoni.»

«Basi, utamleta mpaka hapa,» akasema, na hakuongeza neno.

Nilimpeleka. Ikawa kawaida: darasa likiisha tunatoka kundi zima na taa moja ya chemni, tunaacha wasichana nyumba kwa nyumba. Nyapara mmoja mzee, aliyeniita chepto, yaani msichana, mpaka alipostaafu, alianza kutusindikiza bila kuombwa na mtu. Naamini taa ile ilitusaidia kama vitabu vilivyotusaidia. Kituo kinachopokea binti jioni na kumwacha arudi peke yake gizani hakitakuwa na binti mwezi ujao.

Kufundisha kwenyewe hakukuwa na siri. Tuliacha mengi. Sikujaribu kuwapitisha silabasi ya miaka minne. Nilitaka wasome, waandike, wahesabu, halafu Kiingereza cha kuwawezesha kufuata somo katika darasa la tano. Mtoto wa miaka 13 hahitaji miaka minne kujifunza anayofundishwa mtoto wa miaka sita. Akili yake imekomaa, ana maneno, amefanya kazi, anajua fedha. Wengi waliokuja kwa bidii waliweza kusoma aya nzima kabla msimu wa pili wa mvua kubwa haujafika.

Na mvua ilikuwa rafiki yetu wa ajabu. Nyanda hizi za Kericho na Nandi hupigwa na mvua ya mawe kuliko karibu mahali popote duniani, hata ndege zilipata kurushwa hapa kunyunyizia mawingu dawa ya kuyazuia. Mawe yakishuka alasiri moja, shamba linabaki vijiti vitupu, na mpaka chipukizi zirudi hakuna cha kuchuna. Kwa wazazi hiyo ilikuwa njaa, nami sikuifurahia njaa ya mtu. Lakini majuma hayo holi ilijaa tangu asubuhi, na nilifundisha mpaka sauti ikanikauka.

Yote hayo yangekuwa bure kama kusingekuwa na mlango wa kutokea. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi jirani alikubali jambo ambalo wenzake walilikataa: awapime watoto wetu mwenyewe, na anayeweza aingie darasa la tano au la sita moja kwa moja, bila kuulizwa alikuwa wapi. Hakuwapokea mmoja mmoja. Aliwapokea kwa makundi, wanne au watano pamoja, ili kila mkubwa awe na mkubwa mwenzake wa kukaa naye. Sijaona uamuzi wa busara zaidi katika shule yoyote.

Mtihani wa CPE wa darasa la saba ulikuwa na karatasi tatu, Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla, na Kiingereza ndicho kilichowaangusha watoto wa kambi. Mwaka 1985 mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza na mtihani wa KCPE ukaja mahali pa CPE, Kiswahili kikawa somo la mtihani. Kambini, ambako Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya waliishi ukuta kwa ukuta, watoto walikuwa wamekizungumza Kiswahili tangu wakitambaa. Kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu ambacho watoto wa vijijini waliwaonea wivu. Yule msichana wa kilo 42 alikuwa miongoni mwa walioufanya mtihani huo wa kwanza. Baadaye alisomea uuguzi.

Mfumo mpya ulitubana pia. Mwaka mmoja uliongezwa kwa shule ya msingi, na masomo ya sanaa, kilimo na sayansikimu yalidai vifaa na karakana, na karakana zilijengwa kwa mifuko ya wazazi. Gharama zikarudi kwa jina jingine. Kisha yakaja mapigano ya kikabila yaliyoanza Meteitei, Nandi, mwishoni mwa 1991 na kuenea mpaka pande za Sotik na Kericho. Familia za Kisii na za Kijaluo zikaondoka na magodoro yao. Sikuwaona tena nusu ya watoto wa upande wa kulia wa holi, wala hakuna daftari lililoandika walikokwenda.

Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipoondoa karo zote za shule za msingi, mwalimu mkuu kijana alinijia nyumbani. Alikuwa na vijana wa miaka 14 na 15 wamejiandikisha darasa la kwanza, na baadhi walikuwa wameshaanza kutoroka. Nilimwambia awatoe huko siku hiyo hiyo. Awape chumba chao, mwalimu wao, saa zao zinazofuata kazi za nyumbani kwao, asiwachape, na baada ya mwaka awaingize darasa la tano wakiwa kundi. Alisema hana chumba. Tulikwenda pamoja kwa meneja wa shamba kuomba holi ya kambi, na Jumatatu iliyofuata wakaanza.