Desibeli 5 si kidogo

Ndugu yangu hukata vyuma kwa grainda, na siku hizi lazima umwite mara mbili. Ndiyo maana ninaunda programu ya simu ya kupima kelele.

Kanuni za Kenya za 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza 85. Tofauti ndogo? La! Desibeli hufuata logi, ile ya shule ya upili: zikiongezeka 3, nishati ya sauti huongezeka maradufu, na muda salama hupungua nusu. Kwa hesabu ya NIOSH, 100 ni dakika 15 tu.

Vizibo vya masikio anavyo, mfukoni. Eti vinamzuia kusikia diski ikikaribia kupasuka. Hapo ana hoja. Kwa sasa tumekubaliana apokezane na mwenzake, simu ihesabu dakika.