Penseli na Wino Mwekundu

Mwaka 1984 gazeti letu lilikuwa bado likichapwa kwa herufi za risasi. Tuliyoyaandika ghorofani yaliteremshwa kwa mafundi, nao wakayapiga upya kwenye linotaipu, mstari baada ya mstari, kila mstari ukitoka ni kipande cha chuma kingali na moto. Harufu ya risasi ilipanda ngazi ikatukuta mezani. Ilikuwa Dar es Salaam ya foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, mvua zilikuwa zimegoma katika mikoa kadhaa, sukari na sabuni zilipatikana kwa kibali, na karatasi ya gazeti ilihesabiwa rola kwa rola. Kurasa zilipopungua, kila sentensi ilibidi ijitetee kabla ya kupewa nafasi.

Hakimu wake alikuwa mhariri msanifu wetu, mzee wa Tanga aliyekwisha kufika umri wa kustaafu akabakizwa kwa mkataba. Jina lake nitalihifadhi. Sisi tulimwita Mzee, na ingawa jengo lile lilikuwa na wazee wengi, ukisema Mzee kila mtu alijua unamsema nani. Alikaa katikati ya meza ndefu iliyopinda kama mwezi mwandamo, wasaidizi wake wakimzunguka kwa nje, na kopi zote zikapita mikononi mwake. Mimi nilikuwa binti niliyetoka chuoni juzi, nikidhani kuhariri ni kusahihisha tahajia.

Alisoma kwa midomo, kimya kimya, kama watu waliojifunzia kusoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Alipofika mahali pabaya midomo ilisimama. Siku moja ilisimama kwenye sentensi yangu ya kwanza kabisa, iliyoanza hivi: katika kile kilichoelezwa kuwa ni hatua madhubuti ya kuhakikisha kwamba wananchi wanapatiwa huduma ya maji safi na salama, uongozi wa wilaya umesema uko katika mchakato. Nilijivunia sentensi ile. Ilikuwa na sauti ya redio.

"Binti yangu, wewe ulifika pale kijijini?"

"Nilifika, Mzee."

"Wanakunywa maji gani?"

"Ya bwawa. Wanachota pamoja na ng'ombe."

Akachukua penseli, akapiga mstari juu ya sentensi nzima, akaandika pembeni kwamba watu wa kijiji kile wanachota maji bwawa moja na ng'ombe wao, na kwamba wilaya imeahidi kisima bila kutaja tarehe. Kisha akanirudishia nisome. Hakuna alichokiongeza ambacho sikukiona kwa macho yangu. "Hii ndiyo uliyokuja nayo," aliniambia. "Ilikuwa imefungwa kamba."

Kamba ile hakuitaja kwa kupamba maneno. Mzee alikijua Kiarabu cha vitabu, na kwake yeye hariri na huru ni watoto wa mama mmoja. Shina ni lile lile la herufi tatu. Mwarabu akisema tahrir, aweza kumaanisha kazi ya mhariri, aweza kumaanisha ukombozi. Ndiyo maana mkuu wa gazeti la Cairo ni rais wa tahrir, na uwanja mkubwa wa mji huo huo ni Midan al-Tahrir, Uwanja wa Ukombozi. Katika fikihi aliyoisoma akiwa mtoto, tahriri raqaba ni kumwacha huru mtumwa, kwa neno lenyewe kuikomboa shingo. Waandishi wa zamani wa Kiarabu walisema maandiko yamehaririwa yalipotolewa makosa na utata, yakabaki safi, yakaweza kusimama peke yake. Kiswahili kilipokea yote mawili: uhuru kwa siasa, kuhariri kwa kalamu. Tulipoyapokea hatukuambiwa kwamba ni ndugu. Mzee alituambia. Aliona fahari kwamba Chama, tangu 1961, kilikuwa na gazeti liitwalo Uhuru, na ndani yake kila siku mlikuwa na tahariri.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado naliona zuri kupita kiasi. Mhariri kwa jina lake ni mkombozi. Anayafungua maneno ya mtu yatoke jinsi mwenyewe alivyoyakusudia.

Lakini Mzee alikuwa pia na kalamu ya wino mwekundu.

Aliitumia mara chache, na hakuichanganya na penseli hata siku moja. Kulikuwa na simu nyeusi mwisho wa meza. Ikilia baada ya saa mbili usiku, baada ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania, wote tulinyamaza. Mzee alisikiliza, akajibu ndiyo au sawa, akaweka mkono wa simu, akaitisha kopi au prufu inayohusika. Hapo ndipo wino mwekundu ulipotoka. Alikata alichoambiwa akate, na pembeni ya mkato akaandika herufi S, yaani simu, na saa iliyolia. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua kubadilisha kalamu, alinijibu kwa maneno ambayo nimeyarudia kwa vijana wengi: "Penseli ni yangu. Wino si wangu."

Kama ukurasa ulikwisha kufungwa, fundi alinyofoa mistari ile kwa vidole, vyuma vikatupwa ndooni kuyeyushwa upya, na pengo likazibwa na vibao vilivyowekwa tayari. Chemsha maji ya kunywa. Zuia moto msituni. Waandishi tulijua kuvisoma. Ukikuta Chemsha maji ya kunywa katikati ya habari ya mkoa, ulijua kuna kitu kimetolewa pale, na ulianza kuuliza ni kipi.

Mwaka ule ulikuwa na mambo mazito. Januari Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alijiuzulu nyadhifa zake zote kwa sababu ya mzozo juu ya muundo wa Muungano, na nchi nzima ikajifunza kusema kwamba hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Hali ya hewa! Ilikuwa kana kwamba hakuna mtu aliyefanya wala kutendewa lolote. Lugha ya ofisi ilikuwa na ghala zima la maneno ya namna hiyo. Aliyefukuzwa kazi alipangiwa kazi nyingine. Bei hazikupanda, zilirekebishwa. Na nchi yetu haikuwa na njaa. Ilikuwa na upungufu wa chakula.

Hili la mwisho nililikuta mwenyewe. Nilitumwa mkoa mmoja wa kati ambako mvua zilikuwa hazijanyesha, nikarudi na habari ya mama aliyeuza mbuzi wake wote, kisha sufuria, kisha khanga ya harusi yake, na sasa alikuwa akichimba mizizi porini na kuichemsha mara kadhaa ili uchungu utoke. Aliniambia, kwa Kiswahili cha kuazima kwa sababu lugha yake ni nyingine, kwamba njaa imeingia ndani ikakaa kitini. Mzee aliisoma habari ile mara mbili. Kwa penseli alitoa aya yangu ya kwanza, iliyomtaja ofisa, akampandisha yule mama juu kabisa na maneno yake yale yale. Alinifutia pia vivumishi vyote vya huruma. "Yeye hakulia," alisema. "Wewe usimlilie."

Saa mbili na dakika arobaini simu ililia. Ninayo kopi ile mpaka leo. Aliniachia nakala ya kaboni. Penseli inaonekana kwa shida, imefifia, lakini wino haujafifia. Mama ameteremshwa hadi chini, kisha akakatwa. Neno njaa limepigwa mstari kila lilipotokea, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa Mzee, yameandikwa maneno upungufu wa chakula. Pembeni: S, 2.40. Karatasi moja, mkono mmoja, usiku mmoja, na kazi mbili ambazo katika kamusi zina jina moja.

Sikumlaumu. Kila aliyekaa kwenye meza ile aliijua nchi aliyomo. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa amri yake. Na wazee walikumbuka kisa cha kabla ya hapo. Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard, Mwalimu Nyerere akatoa hati ya mwongozo iliyoliruhusu gazeti kukosoa, na uhariri akapewa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni kwa sababu ya mapambano dhidi ya ubaguzi. Mwaka uliofuata gazeti lilitoa tahariri ya kumlaani Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga viongozi wa kikomunisti. Ginwala akaondolewa. Ni yule yule ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru. Tahariri moja, na neno lenyewe maana yake ukombozi.

Kitu kilichoniuma zaidi kuliko mikato ni kilicholipata neno. Sikumbuki lilianza lini. Nakumbuka tu kwamba mwandishi akirudi kutoka mkoani akaulizwa stori yake imekuwaje, alijibu, "Imehaririwa," na wote tukaelewa kwamba imezimwa. Kisha likazaa kujihariri: mtu anaacha kuuliza swali kwa sababu anajua jibu halitapita. Vijana waliokuja baada yangu walijua maana hii kabla hawajaijua ile ya kwanza. Walimwona Mzee anapitisha penseli kwenye sentensi zao mbovu wakadhani wanakandamizwa, na walimwona anapitisha wino wakadhani ndiyo kazi ya kawaida. Zote mbili waliziita kuhariri. Nadhani hiyo ilikuwa hasara yetu kubwa kuliko habari yoyote iliyokatwa, kwa sababu habari iliyokatwa inaweza kuandikwa tena, lakini mwandishi anayeamini kwamba kila anayegusa maneno yake ni askari hafundishiki tena.

Waingereza nao wamepitia njia hii. Neno lao redact lilitoka Kilatini likiwa na maana ya kukusanya na kupanga maandiko yawe kitabu, na Mjerumani hata leo akisema Redaktion anakusudia chumba cha wahariri, Mfaransa akisema rédaction vivyo hivyo. Kwa Kiingereza cha siku hizi neno hilo ni mstari mweusi juu ya jina la mtu kwenye waraka wa serikali. Ripoti ya Seneti ya Marekani juu ya mateso ya wafungwa wa CIA, iliyotolewa Desemba 2014, ilitoka na mistari hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Nilipoiona nilivutiwa na jambo moja: mkato unaonekana. Msomaji anajua hapa palikuwa na neno. Kwetu sisi msomaji alipewa upungufu wa chakula na hakujua kamwe kwamba chini yake kulikuwa na njaa. Mzee alilijua hilo. Herufi S pembeni ya karatasi ilikuwa mstari wake mweusi, ingawa wa kusomwa na sisi watu wachache tu.

Waarabu, kwa upande wao, wana neno jingine kwa ajili ya yule wa simu. Wanamwita raqib, mwangalizi, na kazi yake raqaba ya irabu ndefu, shina lile lile la shingo inayokombolewa katika fikihi. Lugha yao ina mkombozi na mwangalizi, kila mmoja na jina lake. Kwetu Bodi ya Filamu ilikagua, waziri alifungia, ofisa alichuja, lakini ndani ya chumba cha habari, mahali palipohitaji neno la pili kuliko pengine popote, tulibaki na moja.

Mzee aliondoka mwishoni mwa muongo ule. Magazeti ya watu binafsi yakaja, vyama vingi vikarudi 1992, kompyuta zikaondoa risasi na mafundi wake, na wamiliki wapya wakaona meza ya wahariri wasanifu ni gharama. Simu haikutoweka, ila sasa hulia pia kutoka kwa mtangazaji wa biashara. Iliyotoweka ni penseli. Fungua gazeti lolote leo uhesabu sentensi zinazoanza na katika kile kinachoonekana. Mpwa wangu akisema picha imeeditiwa ana maana kwamba ni ya uongo, na sina cha kumpinga, kwa sababu hajawahi kuona kuhariri kukiutoa ukweli uliokuwa umefungwa.

Siku hizi hufundisha waandishi chipukizi, mikoani zaidi. Nawapa kopi mbichi, penseli, na kalamu nyekundu. Sharti ni kwamba kila mkato uwe na rangi yake, na ule wa wino uandikiwe pembeni nani ameagiza na kwa sababu gani. Mara ya mwisho, Morogoro, nilitumia ile habari ya 1984. Kijana mmoja alisema njaa ni wino, bila shaka, simu ililia. Binti aliyekaa nyuma akapinga: je, kama aliyepiga simu alikuwa ni daktari wa wilaya, na akatoa takwimu kwamba chakula cha msaada kimefika tangu juzi? Hapo neno libadilishwe au lisibadilishwe, na kwa rangi ipi? Nikamwomba asimame aje mbele atuonyeshe. Akachukua penseli, akaliacha neno njaa mahali pake, akaongeza sentensi ya msaada chini ya mama. Kijana akachukua kalamu nyekundu akamwandikia pembeni: daktari, kwa simu. Wakaanza kubishana upya kama karatasi moja yaweza kuwa na rangi zote mbili kwa sentensi moja, na darasa zima likawaingilia.