Asali na Mguu wa Shangazi



Shangazi yetu aliolewa Matayos, karibu na mji wa mpakani wa Busia, na huko amezeeka akiuza vitenge. Mwaka uliopita tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda kumjulia hali. Tulipoinama kumwamkia, harufu ilitufikia kabla ya kuona kidonda: kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia, kimefunikwa kitambaa kilicholowa asali.

Shangazi ana kisukari kwa miaka mingi. Msumari wa kiatu ulimchoma asiusikie, kwani sukari inapozidi kwa muda mrefu huiharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika huko. Wiki tatu alikuwa akipaka asali ya chupa aliyoinunua njiani. Tulipomsihi aende hospitali alitujibu, "Wanangu, Mwenyezi Mungu ameitaja asali kuwa na shifaa, nanyi mwataka niiache?"

Jawabu hilo lilitufunga vinywa, kwani ni kweli. Limo katika Sura An-Nahl, aya ya 69. Tuliona haya kuonekana tunabishana na Qur'ani, tukanyamaza siku mbili. Siku ya tatu alipandwa na homa kali, tukambeba.

Muuguzi aliyempokea hakuicheka asali. Alitueleza kwamba asali hufyonza maji ya kidonda, ina uchachu unaowazuia vijidudu, na baadhi ya hospitali duniani huitumia. Lakini hiyo ni asali maalumu iliyotakaswa kwa mionzi. Ya njiani yaweza kuwa na vijidudu, au kuchanganywa na sukari guru. Tena asali ipakwayo juu haishushi sukari iliyo ndani ya damu, haiondoi nyama iliyokufa, wala haiufikii usaha uliozama hadi mfupani. Baadaye tulisoma kwamba wataalamu wa Cochrane, walipozipitia tafiti mwaka 2015, waliona asali huharakisha kupona kwa baadhi ya majeraha ya moto; kwa vidonda vya miguu vya kisukari hawakupata ushahidi wa kutosha.

Shangazi alikatwa kidole. Mguu ulibaki, alhamdulillahi. Alipewa insulini na dawa za kuua vijidudu, akakatazwa kuukanyagia mguu ule. Alipokuwa akifungua bandeji kila wakati wa udhu, shekhe alimfahamisha kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kupangusa juu yake.

Mama zetu na dada zetu, tungalimjibu siku ile ya kwanza kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alituhimiza kutafuta matibabu, na kwamba kwenda kwa daktari si kuikanusha shifaa ya asali. Hatukusema, na siku mbili zile zatuuma hadi leo.

Mara tano kwa siku twaosha miguu. Mwenye kisukari na aitazame hapo hapo: nyayo, visigino na baina ya vidole, kisha aikaushe vyema. Akiona lengelenge au mkwaruzo, aende hospitali siku ile ile, na asali amwulize daktari kwanza.

Shangazi siku hizi, macho yakiwa yamepungua nuru, akimaliza udhu humwita mjukuu wake amtazamie nyayo.

Wabillahi tawfiq.