KWARUZA KABLA YA KUKATA



Huenda una haidrenjia mbele ya nyumba, lile ua la vichwa vikubwa vya duara, samawati au pinki, linalopenda sehemu za baridi kama Limuru. Mwaka huu limetoa majani tele, lakini ua hata moja hakuna. Usikimbilie kusema ni ugonjwa. Uliza kwanza: nani alishika mkasi?

Haidrenjia ya majani mapana hubeba maua yake kwenye matawi ya msimu uliopita. Lile tawi la kahawia unaloliona kavu tayari lina matumba ya maua yajayo. Ukilifyeka ili boma lipendeze wageni, umefyeka maua ya msimu mzima. Mmea hautakufa. Utakaa tu kijani, bila ua.

Mtunza bustani mwenye hekima hufanyaje? Ua likinyauka, hukata kichwa peke yake, juu kidogo ya jozi ya kwanza ya matumba yaliyonona. Tawi analolitilia shaka, hukwaruza ganda lake kwa ukucha. Akiona kijani, analiacha. Akikuta limekauka hadi ndani, analikata hadi chini kwa mkasi mkali na safi.

Sasa niambie, mpendwa. Yule kijana wako aliyeacha kuja ibada, ulimsogelea ukatazama kama kuna kijani? Na yule dada wa kwaya aliyenyamaza tangu amzike mumewe, mbona mlimtoa kwenye grupu ya WhatsApp bila hata kumpigia simu? Ukitazama kwa mbali, huzuni hufanana sana na kurudi nyuma. Lazima usogee karibu.

Sisemi usikate kitu. Kuna pombe, kuna kinyongo cha miaka, kuna mazoea yaliyokauka hadi ndani. Hayo yakate leo, usiyabembeleze. Lakini watu? Soma Yohana 15 polepole, uone Yesu anasema mkulima ni nani. Si wewe, wala si mimi.

Kabla ya Jumapili, piga simu moja. Usihubiri. Usiulize mbona haonekani kanisani. Muulize amelalaje, na amekula nini.

Baba, zuia mikono yetu yenye haraka. Tupe macho ya kuona uhai pale sisi tunaona ukavu. Katika jina la Yesu.

Amina.