Jambo Lisilo Budi

Kila lugha ina neno la jambo lisiloweza kuepukwa, na kila mtu hulihitaji neno hilo siku moja. Waingereza husema "inevitable". Walilitoa katika Kilatini, na ukilifumua hubaki maana moja nyepesi: jambo ambalo mtu hawezi kulikwepa. Wanafunzi wangu hulipenda sana. Katika insha zao vita haviepukiki, umaskini hauepukiki, hata kuchelewa shuleni siku ya mvua hakuepukiki. Nataka, msomaji, tulipime neno hili kwa mizani ya lugha yetu, kwa kuwa likitumiwa ovyo laweza kugharimu roho za watu.

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa maana hii, na kila moja lina kazi yake. Sharti hufuata haja: mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini asiyekitaka ana hiari ya kusimama wima. Lazima ni jambo lililomganda mtu, kama deni au wajibu. Laweza kukwepwa, ila kwa aibu. Budi ni njia ya kutokea. Ajabu yake ni kwamba neno hili hutembea na kukanusha: sina budi, huna budi, hapana budi. Mlango hutajwa ili tuambiwe kwamba umefungwa. Mwisho kuna ajali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza si mgongano wa magari. Ni muda uliokadiriwa, saa ya mtu ya kuondoka duniani.

Mtu aliyekulia katika kisiwa cha Mombasa amezungukwa na mambo yasiyo budi. Mimi nilizaliwa Mji wa Kale, na babu yangu alikuwa mvuvi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hakuna mfalme wala serikali iliyopata kuizuia. Pepo nazo ni vivyo hivyo. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliingia Mombasa kwa kaskazi, yakarejea kwao kwa kusi. Nahodha aliyekawia mpaka kusi ikakolea na bahari ikachafuka, hakuwa na budi ila kungoja.

Babu yangu hakushindana na maji. Lakini hakukaa kitako pia, akasema hapana budi. Alihesabu siku za mwezi, akaijua saa ya bamvua, akaivuta ngalawa yake juu mapema. "Mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "maji hayana budi kujaa, lakini chombo changu kina budi." Ni yeye peke yake niliyemsikia akilitumia neno hilo bila kukanusha, na alilitumia kwa haki. Kujaa kwa maji hakuepukiki; kupotea kwa chombo kwaepukika.

Chukua kipimo hicho, msomaji, ukakitie katika jambo zito zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuko ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Kufa hakuna budi. Hilo kila mtu hulikubali. Lakini kujaza chombo kupita kiasi ni tendo la mkono wa mtu, na tendo hilo lina budi. Kila abiria aliyezidi angeweza kuambiwa angoje safari ya pili.

Matangani watu husema, "Ajali haina kinga." Mithali hii ni dawa njema kwa mfiwa, kwani humpunguzia majuto asiyostahili kuyabeba. Lakini dawa ya mfiwa ni sumu ya mwenye dhamana. Mfiwa akiisema, anajifariji. Mwenye dhamana akiisema, anajificha. Maneno ni yale yale, ila mmoja analilia roho iliyopotea, na mwingine anaifungia njia kinga ya roho zitakazofuata.

Basi kabla hujaandika kwamba jambo haliepukiki, jiulize maswali mawili: Je, jambo hili latokana na maumbile, au na mikono ya watu? Na kama latokana na mikono ya watu, ni mikono ya nani? Ukiona mlango, usiandike kwamba umefungwa. Na ukiwa umefungwa kweli, kama ilivyo kwa maji yanayojaa, andika bila hofu kwamba hapana budi. Kisha ijue saa yake, ukakivute chombo chako juu.